Mbeleko ya Mafundo Kumi na Mawili

Tulieni, mwenye mtoto na amnyonyeshe, mwenye kazi na aiweke chini, maana habari hii haipendi kukatizwa. Palikuwa na mji ukiitwa Zumrudani, na mtawala wake alikuwa Sultani Badrudini bin Nasoro, mtu wa haya na uadilifu, aliyewapenda raia wake kama mtu apendavyo mboni za macho yake.

Na katika mji huo hakuna mwanamke aliyeitwa mkunga ila amepewa ijaza, yaani hati ya ruhusa ya kazi, na pamoja na ijaza pete ya fedha yenye jiwe la kijani liwakalo kama jicho la paka. Lakini pete ile haikutolewa mara moja kwa maisha. Babu yake Sultani aliweka sharti kwamba kila miaka mitatu mkunga aongeze elimu kwa mwalimu, saa kumi na mbili zisizopungua, na alete ushahidi wake diwanini, kwenye baraza la Sultani, kabla jua halijachwa siku ya mwisho ya mwaka wa tatu. "Mkunga asiyeongeza elimu," alisema mzee huyo, "ni kisu kisichonolewa." Na asiyeleta ushahidi, jiwe la pete yake huzimika, na akithubutu kumgusa mzazi baada ya hapo, mikono yake hugeuka gogo.

Mwandishi wa ushahidi huo alikuwa jini, jina lake Zimrani, aliyefungwa kwa kiapo katika diwani ya Sultani. Kichwa chake kiligusa dari na wino ulimtoka kidoleni, na hakuweza kuandika jambo lisilothibitika hata kama moyo wake ungependa.

Basi mtaa wa wasuka mikeka alikaa mkunga kijana, Mize binti Haroubu, mwanamke mwenye soni, ambaye akisema na wakubwa sauti yake huingia ndani kama kobe. Mwaka huo alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Hidaya, na uzazi ulimchelewesha. Hata hivyo alimfunga mwanawe mgongoni kwa mbeleko, akaenda kwa miguu mpaka mji wa Mwambani, mwendo wa siku mbili, kwa mwalimu aitwaye Bi Raya, bingwa wa uzazi asiye na mfano wake. Na Bi Raya alikuwa mkongwe mno, hata hakuweza kufundisha zaidi ya saa tatu kwa siku, na Mize akakaa kwake siku nne, kisha akarudi, akafika Zumrudani alasiri ya siku ile ile ya mwisho, miguu imejaa vumbi.

Akabisha hodi diwanini, akatoa karatasi nne. Jini akazisoma, akazigeuza, akazisoma tena.

"'Mize binti Haroubu alisoma kwangu saa tatu,'" akasoma. "Na ya pili, saa tatu. Na ya tatu, na ya nne. Mashallah, mwalimu wako hapendi kuchelewa. Kila siku mnaanza saa tatu asubuhi."

"Sivyo, bwana," Mize akajibu kwa sauti ndogo. "Ni saa tatu za kuhesabu. Tatu mara nne."

"Karatasi haisemi hivyo, binti. Nikikuuliza ulikula lini, ukanijibu nilikula saa tatu, niandike kwamba ulitafuna kwa saa tatu nzima?"

Hapo kikasikika kicheko. Alikuwa Bi Shawana, mkunga wa kasri, aliyekuja na karatasi yake safi iliyoandikwa 'kwa muda wa saa kumi na mbili'. Na kweli alikaa darasani muda huo wote, lakini alikaa amesinzia.

"Mwenzangu," akasema, "umebeba mtoto mgongoni na elimu kichwani, ikakushinda kubeba neno moja tu, 'muda'!" Akaondoka akicheka, kwa kuwa alikuwa ameitwa kasrini, maana Bibi Shekha, binti wa pekee wa Sultani, alikuwa ameshikwa na uchungu.

Mize akasimama pale, machozi yakimlenga. "Bwana Katibu, Mwambani ni mbali, na jua limeshainama. Pete yangu ikizimika, mtaani kwetu kuna wanawake watatu wa kujifungua mwezi huu. Nani atawashika?"

"Huruma ninayo," akasema jini, na kweli sauti yake ililainika, "lakini huruma haina mstari katika daftari hili. Je, una shahidi mwingine asiyesema uongo?"

Mize akazitazama tena karatasi zake. Na Hidaya huko mgongoni, kwa utundu wa kitoto, akavuta matamvua ya pindo la mbeleko akayatia kinywani. Mama yake akageuka kumtoa, na vidole vyake vikagusa fundo. Akashtuka.

"Ninaye!" akasema, na safari hii sauti haikuingia ndani. "Bi Raya alipima saa kwa shisha, chupa imwagayo mchanga wake kwa saa moja kamili. Kila mchanga ulipokwisha nilifunga fundo moja kwenye tamvua, ili nisisahau nilichofundishwa saa hiyo, maana mikono yangu ilikuwa na mtoto, sikuweza kuandika. Hesabu, bwana. Yako kumi na mawili."

Jini akainama mpaka ndevu zake zikafagia sakafu, akayahesabu kwa ncha ya ukucha asimtie hofu mtoto. "Yapo," akasema. "Basi nitayapulizia. Nawe sema somo la kila fundo. Ukisema kweli litafunguka lenyewe. Ukisema uongo litakaza, wala halitafunguka milele."

Mize akaanza. Akasema namna ya kunawa mikono mpaka viwikoni, na fundo la kwanza likafunguka kama ua. Akasema jinsi ya kumsugua mgongo mtoto asiyelia, na dalili za damu isiyo ya kawaida, na wakati wa kumwacha mama apumzike na wakati wa kumhimiza, na kila aliposema fundo lilifunguka, na jini akaandika, na macho yake makubwa yakazidi kung'aa kwa kustaajabu. Yakafunguka kumi na moja. Na jua likagusa ukuta wa mji.

Ndipo mjakazi wa kasri akaingia mbio, anahema. "Nani mkunga hapa? Bi Shawana ameshindwa! Kichwa cha mtoto kimefika mlangoni nacho hakipiti!"

Mize akaitazama pete. Akibaki kusimulia fundo la mwisho na kungoja liandikwe, pete yake imesalimika na Bibi Shekha ataangamia. Akienda, jua litachwa mikono yake ikiwa juu ya mzazi, nayo itageuka gogo, na asimbebe Hidaya tena. Akafunga mbeleko vizuri.

"Bwana Katibu," akasema, "lilipo daftari ndipo ilipo diwani. Libebe unifuate. Somo la kumi na mbili nitakusomea kwa mikono."

Jini hakuwahi kutoka nje kwa miaka tisini. Akafikiri kiapo chake, akakipima, akaona hakivunjiki. Akaweka daftari kichwani, akambeba Mize na mtoto wake katika kiganja, na kufumba na kufumbua wakawa kasrini, na Hidaya akicheka njia nzima.

"Wewe mwanamume!" wakapiga kelele wanawake mlangoni.

"Nitageuka ukutani," akasema jini kwa adabu, akakaa nje ya pazia amewapa mgongo, kidole kimeloa wino.

Ndani, kichwa cha mtoto kilikuwa ndiyo kwanza kimetoka, na bega limekwama, na Bi Shawana amesimama kando.

"Somo la kumi na mbili," Mize akasema kwa nguvu. "Bega likikwama, usivute shingo ya mtoto. Mgeuze mama apige magoti na mikono yake iwe chini, mifupa ipate kufunguka. Bi Shawana, dada yangu, mshike huku. Bibi Shekha, jikaze mama, mara moja tu!"

Wakamgeuza. Bega likateleza. Na kabla ukingo wa jua haujazama, kasri ikasikia kilio cha mtoto wa kike, na fundo la mwisho likafunguka, na nje ya pazia ikasikika sauti nzito ikisema, "Imethibitika. Nimeandika." Na jiwe la pete likawaka hata likaangaza chumba kizima.

Sultani akaja machozi yakimtiririka. "Omba utakalo," akasema. "Na kama wapenda, nitakuoza waziri wangu."

"Nina mume, bwana wangu, msuka mikeka, na tunapatana," Mize akajibu akiangalia chini, na watu wakacheka. "Naomba jambo moja. Amuru kila mwalimu aandike neno 'muda'."

Sultani akaamuru, akamwongezea nyumba ya mawe yenye kisima, na kumfanya mwalimu wa wakunga wa mji. Na wa kwanza kuja kusoma alikuwa Bi Shawana, naye hakusinzia tena.

Bibi Shekha akampa bintiye jina la mkunga, Mize. Siku ya arobaini mkunga alipokwenda kumwona mtoto, akampakata akasema, "Njoo, somo wangu."

Na Zimrani, aliyekuwa amezoea kutoka nje sasa, akachungulia dirishani na daftari mkononi. "Somo? Hili nalo niandike?"

"Andika, bwana," Mize akasema. "Somo la kumi na tatu. Hili halina muda."

Wakaishi kwa raha na elimu yao ikazidi. Nanyi mliosikia, ongezeni mnalolijua, na mkiliongeza, lifungieni fundo.