Nyani Alivyomharibia Pimbi Mizabibu

Hadithi, hadithi.

Hadithi njoo.

Ije imebeba nini?

Uongo kiganjani, zabibu kikapuni.

Basi sikilizeni. Palikuwa na kilima cha mawe, na ubavuni mwa kilima palikuwa na shamba la mizabibu. Lilipandwa na bibi wa bibi yake Pimbi, tangu enzi mawe yakiwa bado laini. Kila mwaka zabibu zake nyekundu ndizo zilizotengenezewa divai ya Mtemi Ndovu, na kila aliyeinywa alilamba midomo.

Pimbi mwenyewe alikuwa mdogo, mfupi, hana hata mkia. Mizabibu ilikuwa mirefu na mikono yake haikufika. Zamani Tumbili ndiye aliyekuwa akija kumpogolea matawi. Tumbili alipohamia bondeni kwa wakwe zake, mizabibu ikaota, ikaota, ikaota, ikawa kichaka. Majani tele, zabibu chachu. Mtemi akaionja divai ya mwaka huo, akakunja uso mpaka masikio yakataka kugusana.

Nyani akaona nafasi. Alikuwa na kilima chake, alikuwa na bonde lake, na bado alikitaka cha Pimbi. Akaenda kwa Mtemi akasema, "Mtemi, Pimbi ameshindwa. Nipe mimi kile kilima."

Mtemi akasema, "Tungoje mavuno. Zabibu zikiwa tamu, Pimbi atabaki. Zikiwa chachu, atafunga mizigo yake ahame na watoto wake."

Pimbi akayasikia hayo. Angekwenda wapi na watoto? Pimbi bila mawe ya kujificha ni kitoweo cha tai.

Asubuhi moja alikuwa ameketi na mumewe wakiota jua. Akaona mkia umetokeza nyuma ya jiwe. Mkia wa nani? Wa Nyani, amejibanza anasikiliza. Pimbi akaanza kulia kwa sauti.

"Mume wangu, kuna jambo naliogopa."

"Jambo gani, mama Nyemo?"

"Naogopa Nyani asije akatukatia matawi. Akikata mpaka chini, afadhali, tutapata kuni. Lakini akituachia vijiti vifupi, kila kimoja na macho mawili tu ya kuchipua, uso wangu nitauficha wapi?"

"Lakini mke wangu, si hivyo hivyo Tumbili alivyokuwa..."

"Nyamaza, baba. Niache nilie."

Nyani akaondoka anacheka. Kesho yake akaja na mundu. Kacha, kacha, kacha. Mstari huu kacha, mstari ule kacha. Akaacha vijiti vifupi, kila kimoja na macho mawili, kama alivyosikia. Mizabibu ikadondosha machozi pale ilipokatwa, na Pimbi naye akadondosha yake.

"Umeniua, mjomba."

"Bado," Nyani akajibu. "Nitakuja tena."

Mizabibu ikachipua, ikatoa maua, ikatoa vishada vya kijani, vingi, vimesongamana kama watoto kwenye mkeka mmoja. Mkia ukatokeza tena nyuma ya jiwe.

"Mume wangu, kuna jambo naliogopa."

"Jambo gani tena, mama Nyemo?"

"Naogopa Nyani asije akanyofoa vishada. Akinyofoa vyote, basi, tutahama tukapumzike. Lakini akiacha vichache vichache kila mti, Mtemi atauliza, hili ni shamba au mzaha? Aibu hiyo siiwezi."

Nyani akaja. Nyofo, nyofo, nyofo. Mti huu nyofo, mti ule nyofo. Jua likamchoma, jasho likamtiririka, vidole vikamvimba.

"Pole na kazi, mjomba," mume wa Pimbi akasema bila kufikiri. Pimbi akamkanyaga mguu.

Zabibu zilizobaki zikaanza kuwa nyekundu. Mkia ukatokeza.

"Mume wangu, kuna jambo naliogopa."

"Najua, mama Nyemo. Lia tu."

"Naogopa Nyani asije akaziba mfereji. Zabibu ndiyo kwanza zinapata rangi, zitakunywa nini?"

Nyani akaja na mawe. Buu, buu, buu. Maji yakakatika. Zabibu hazikuvimba maji tena. Zikabaki ndogo, zenye wekundu wa kuiva mpaka weusi, sukari yote imejikusanya ndani.

Siku ya mavuno Mtemi akapanda kilima. Nyani alikuwa mbele, amevaa shanga.

"Tazama, Mtemi. Vijiti vitupu, vishada vya kuhesabu, mfereji mkavu. Hili ni shamba au kaburi?"

Mtemi akanyoosha mkonga, akachuma zabibu moja. Akatafuna. Akalamba midomo. Akachuma kishada kizima. Akalamba midomo tena.

"Nani amepogoa mizabibu hii?" akauliza. "Nani amepunguza vishada? Nani amefunga maji kwa wakati wake?"

Pimbi akainama. "Ni jirani yangu, Nyani. Mimi sifiki, Mtemi."

Mtemi akamgeukia Nyani. "Kumbe una moyo mwema namna hii, na bado ukaja kwangu kumsema mwenzio?"

Nyani akavua shanga zake. Aseme alikuja kuharibu?

Kilima kikabaki cha Pimbi. Pimbi akamkatia Nyani kishada kikubwa kuliko vyote. Nyani akawapa watu mgongo, akala, na hakubakiza hata kikonyo.

Msimu mwingine ulipofika, Nyani akaja tena. Safari hii alisimama mbele ya jiwe, mundu mkononi. Akakuna kichwa, akatazama pembeni.

"Mama Nyemo," akasema, "mwaka huu unaogopa nini?"

Pimbi akashusha pumzi ndefu. "Mjomba, nisikufiche. Mwaka huu naogopa samadi."

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda achukue kishada, asiyeipenda ateme mbegu. Na funzo lake ni hili, wadogo zangu: kamwe usimwambie adui yako unachokiogopa kweli.