Kwa Nini Mwili Huchoma Chakula Kidogo Kidogo

Watu wa kwanza kukaa kwenye miteremko ya Usambara walikula mtama, viazi na maharage kama sisi, lakini nguvu ya chakula iliwatoka yote kwa mpigo. Mtu akishameza matonge yake, mwili ulimwaka kama nyasi kavu, akaweza hata kung'oa kisiki kwa mikono. Nguvu ikiisha, alianguka palepale, wa baridi kama jiwe la mtoni, mpaka alishwe tena.

Mwaka mmoja mto ulivunja kingo zake, watu wa bondeni wakahamia mlimani. Mbelwa, aliyekuwa ameoa miezi michache tu nyuma, alikabidhiwa mama mkwe wake, aliyevimba mguu, ambebe mgongoni. Kwa heshima hakuwahi kumtaja kwa jina. Chakula chao kilikuwa kifurushi kimoja kilichofungwa kwa majani ya mgomba.

"Tutakuwa tunamega kidogo kidogo, mwanangu," mama mkwe alimwambia. "Safari ni ndefu."

Walipofika kwenye kijito, Mbelwa aliona wenzake wamekwisha kuwatangulia. Alitaka sana ukoo wa mkewe umwone akifika wa kwanza. Mama mkwe alipoinama kufunga upya mguu wake, Mbelwa akampa kisogo, akala chakula chote, akayafunga majani tena.

Akambeba, akakimbia. Akawapita wote kwa njia ya mkato yenye mawe. Kisha, kilele kikiwa bado mbali, miguu ikamlegea, wakaanguka wote wawili. Mvua ikaanza kunyesha. Mbelwa aliona na kusikia, ila hakuweza kuinua hata ulimi.

Mama mkwe akafungua kifurushi, akakuta majani matupu. Alivua ngozi aliyojitanda, akamfunika mkwewe. Kisha akakwangua kwa kidole punje zilizoganda kwenye majani, akalamba, akatambaa hatua chache. Akapumzika. Akakwangua tena, akatambaa tena. Mbelwa alimtazama akipanda hivyo mpaka akapotea machoni, akatamani ardhi immeze.

Mama mkwe alipofika juu, watu walishuka, wakamnywesha Mbelwa uji, wakampandisha. Kule juu alimkuta mkewe akiosha magoti ya mama yake, yaliyochunika hadi nyama kuonekana.

"Mlikuwa na chakula. Kimekwenda wapi?" shemeji zake waliuliza.

"Tulikula wote," mama mkwe akajibu. "Njia ndiyo ilikuwa ndefu."

Maneno hayo yalimchoma Mbelwa kuliko tusi. Angeweza kunyamaza, na jambo lingeishia hapo. Akasimama, macho chini.

"Ananisitiri," alisema. "Nilikula peke yangu, nikiwa nimempa mgongo."

Mkewe aliendelea kuosha magoti yale bila kuinua uso. Ndipo Mbelwa akamwomba Muumba amwondolee nguvu inayokuja yote kwa mara moja, kwa kuwa hakuiweza.

Muumba alisikia, naye alikuwa ameona jinsi yule mama alivyopanda. Akaugawa moto wa chakula katika chembe hai za mwili, ndogo hata jicho halizioni, kila moja akaipa meko yake. Damu huzipelekea chakula kilichosagika pamoja na hewa tuliyovuta. Nazo huchoma kidogo, zikabakiza kingine. Masalio ya moto huo hutoka na pumzi, pamoja na unyevu wake.

Mama mkwe hakuitaja siku ile mpaka alipokufa. Mbelwa alikuwa akitamani angeitaja.

Na tangu siku hiyo, mtu aliyelala huwa na joto, na aliyekosa chakula cha mchana huweza kutembea hadi jioni. Lakini anayekimbia kupita pumzi yake, mapaja humwaka moto, mpaka asimame, aheme, na walio nyuma wamfikie.