Migale wa Fundi Tajudini

Mtu anayegeuza kila nazi sokoni, akiigonga na kuitikisa, mara nyingi huishia kubeba ile changa ambayo wenzake waliiacha. Fundi Tajudini aliyajua maneno hayo tangu utoto. Maana yake ilimfikia uzeeni, na aliyemfundisha ni buibui.

Tajudini alikuwa ameshona nguo katika mtaa wa Asiatique kwa miaka thelathini na minane. Jicho lake lilikuwa kali kama wembe. Mshono uliopinda hata kwa unene wa uzi, aliufumua. Tabia hiyo ilimletea wateja dukani, lakini nyumbani ilimchosha kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Mkewe Kudra alipofariki, nyumba ilipoa kama jiko lililokosa makaa. Binti yao Soumaya alirudi kuishi naye, lakini alitoka alfajiri kwenda kazini na kurejea jioni akiwa hoi, hana nguvu za mazungumzo.

Siku moja Régis, mtumishi wa maabara anayeishi Kamenge, alileta koti lake jeupe litiwe kiraka. Alipokuwa akingoja, alisimulia juu ya migale anaowafuga na kuwauza, wale buibui wakubwa wenye manyoya, wa aina inayoishi juu ya miti.

"Jike anaweza kuishi miaka kumi, hata zaidi," alisema. "Hana kelele, papa. Anafuma tu."

Tajudini aliacha sindano. Kiumbe anayefuma, tena asiyeondoka upesi! Tangu msiba ule, hakuwa ametamani kitu chochote.

Jumamosi akaenda Kamenge pamoja na Soumaya. Régis aliwaonyesha masanduku ya kioo yaliyosimama wima, kila moja na gome la mti ndani yake.

"Huyu ndiye anakufaa," Régis alisema, akimwonyesha jike mweusi mwenye ncha za miguu za rangi ya waridi. "Ni mupole. Wale wenye rangi kali wana mbio, na wakiuma utalia. Si wa mutu anayeanza."

Tajudini alivaa miwani, akainama. "Ana miguu saba."

"Mumoja ulikatika. Akijivua ngozi utaota tena."

"Apana. Mi siwezi kuanza na kitu pungufu."

Wa pili alimkataa kwa sababu utando wake ulikuwa umelegea. Wa tatu alikuwa mdogo kama punje ya kunde. "Nitakufa kabla hajakomaa," alisema.

Soumaya alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, macho ameyafumba. "Baba, chagua mumoja twende," alisema taratibu. "Nimechoka."

Waliondoka mikono mitupu. Tajudini alirudi peke yake mwezi uliofuata, na mwezi mwingine tena, magoti yakimuuma kama yamepigwa misumari, na kila mara alipata kasoro. Alipofika mara ya nne, karibu masanduku yote yalikuwa matupu. Yule jike alikuwa amejivua ngozi, mguu wake umeota, na mwalimu mmoja aitwaye Dorothée alikuwa amemchukua wiki iliyotangulia.

Alibaki mmoja tu. Alikuwa na miguu mirefu, na manyoya yake yaling'aa zambarau kila alipogeuka kwenye mwanga. Tajudini alimkagua kwa muda mrefu.

"Huyu," alisema.

Régis alikuna kichwa. "Papa, huyu ni dume, na amekwisha kujivua mara yake ya mwisho. Dume akifika hapo, amebakiza miezi michache. Ngoja hadi mwakani nitapata wengine."

"Nimengoja vya kutosha," alijibu Tajudini, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. "Huyu simuoni kosa."

Nyumbani, dume yule hakufuma. Panzi waliotiwa ndani hakuwagusa. Kutwa nzima alipanda kioo na kushuka, akapanda tena. Tajudini aliweka kiti kando ya sanduku na kumtazama hadi shingo ikamuuma.

"Anatafuta nini?" Soumaya aliuliza jioni moja, akivua viatu.

"Mke," alisema Tajudini.

Soumaya alivuta kiti, akaketi karibu na baba yake, nao wakatazama pamoja.

Katika wiki ya nane walimkuta amekufa chini ya gome, miguu imejikunja tumboni. Tajudini alimpigia simu Régis.

"Ukipata jike yeyote niletee," alisema. "Usinioneshe kwanza. Niletee tu."

"Kwa sasa sina, papa. Labda mwakani."

Tajudini aliiweka simu mezani. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na mwakani kulikuwa mbali. Alifuta kioo cha sanduku tupu kwa kitambaa, pole pole, pembe kwa pembe, akijua sasa kwa nini wahenga walinena: mchagua nazi hupata koroma.