Mundu Mmoja, Mikono Mitatu

Nani hapa anajua kuamua kesi? Inueni mikono. Ee, kumbe wote! Hata wewe wa nyuma unayetafuna muwa? Haya, ishusheni. Mtaiinua tena nikimaliza, na hapo ndipo nitakapowajua.

Sikilizeni basi. Katika sekondari ya Mtakatifu Notburga, kule kwenye milima ya kahawa, walikuwapo wanafunzi watatu wa kidato cha tatu. Kila mmoja alikuwa na chama chake na kipaji chake.

Wa kwanza ni Zenobia Kinunda wa Kwaya. Huyo alijaliwa sikio. Kwaya nzima ikiimba, yeye alimjua aliyeteleza nusu sauti, na alimwambia palepale bila kumwonea haya, hata kama ni Padre.

Wa pili ni Otmari Hyera wa Skauti. Huyo alijaliwa mikono. Mpe kamba na miti miwili, geuka upige chafya, ukirudisha uso una kitanda. Maneno ndiyo hakuwa nayo. Ulimsalimia asubuhi, jibu ukalipata mchana.

Wa tatu ni Gaudensia Komba wa Lejio ya Maria. Huyo alijaliwa subira, na msidhani ni ile subira ya kukaa pembeni na kulia. Subira ya kupe! Akishaamua kukaa, amekaa.

Sasa, shule ile ina desturi yake. Mtakatifu Notburga alikuwa mtumishi wa shambani, na kwenye picha zake ameshika mundu. Basi ndani ya kanisa la shule umetundikwa mundu mmoja wa zamani, mpini wake umelainika kwa kushikwa. Kila mwaka siku ya somo wa shule, yaani sikukuu ya mtakatifu huyo, mundu ule hushushwa na kupewa chama kimoja kilichotumikia watu vizuri kuliko vingine. Na anayeutoa si Mkuu wa shule. Anautoa yule aliyetumikiwa. Mliyemchotea maji, mliyempalilia, ndiye anayesimama mbele ya watu wote na kusema, "Hawa." Hakuna kura, hakuna rufaa.

Desturi nzuri, sivyo? Subirini muone watoto walivyoiharibu.

Kando ya barabara, karibu na lango la shule, anakaa Bibi Apolonia. Nyumba yake kila anayepita anaiona. Kwa hiyo kila Jumamosi Kwaya walikwenda kumfagilia uwanja. Wakiondoka, Skauti wakafika, wakaufagia uwanja uleule. Skauti wakiondoka, Lejio hao, na mafagio yao na rozari zao. Maji alichotewa mpaka akakosa vyombo vya kuwekea. Uji alipikiwa na kila chama, na kila chama kilimsimamia mpaka aumalize, kwa kuwa kila kimoja kilitaka akikumbuke siku ya mundu. Maskini bibi wa watu, akanenepa kwa hofu!

Mwishowe akachukua fimbo yake akaenda kwa Mkuu wa shule, Sista Edeltruda.

"Sista, naomba uniokoe," akasema. "Watoto wako wananifagilia uwanja mpaka umekuwa bonde. Mvua ikinyesha ninalala kwenye bwawa."

Sista hakucheka. Jumatatu asubuhi akawasimamisha wanafunzi wote mstarini.

"Nimeelewa sasa kwamba mnatoka kutafuta sifa," akasema. "Basi mwaka huu mundu hautakuwa pambo. Chama kitakachoupata ndicho kitakachotoka Jumamosi. Vingine viwili vitabaki darasani na vitabu vyao."

"Sista, mwaka mzima?" akauliza Zenobia.

"Mwaka mzima. Mundu ni mmoja na lango ni moja. Nimemaliza."

Aliposema amemaliza, alikuwa amemaliza kweli. Wale wanaomjua wanajua.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya masika, mvua imenyesha mfululizo. Mundu ulikuwa haujatolewa bado, kwa hiyo vyama vyote vitatu vikatoka, na miguu kwa mazoea ikawapeleka wapi? Kwa Bibi Apolonia! Wakamkuta amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Ufagio nimeuficha, msiutafute. Ng'ambo ya mto hakuna wazee? Au kule hamwendi kwa sababu hamtaonekana mkienda?"

Neno la kweli likikupata mchana kweupe, unajificha wapi? Wakashika njia ya mtoni.

Mtoni wakakuta ulalo umechukuliwa na maji. Yale magogo mawili ambayo watu huvukia hayapo, mto umejaa tope na unanguruma. Ng'ambo alikaa Babu Tadei Ndunguru, seremala mzee, mjane, asiye na mtoto. Tena mkali! Kila aliyekwenda kumtembelea alimfukuza na nyundo mkononi. Wengi wakaona afadhali warudi.

"Tumejaribu," wakasema. "Mungu ameona."

Walikwisha kugeuka, na hapo ndipo kesi yenu inapoanza.

Zenobia akainua mkono. "Nyamazeni."

"Kuna nini?"

"Nyamazeni kwanza! Kuna mtu anagonga bati."

Wenzake wakasikiliza. Wao walisikia mto tu. Mmoja akasema ni kigong'ota anatoboa mti, mwingine akasema ni njaa inamgonga tumboni. Wakacheka. Zenobia hakucheka. Alifumba macho akasikiliza, akawaambia, "Kigong'ota hapumziki katikati. Huyu anagonga, anapumzika, anagonga tena, na kila mara mkono unazidi kulegea. Huyu ni mtu na anachoka. Nendeni mkale mlale, mimi siondoki hapa." Akakaa chini kwenye matope na sketi yake ya shule. Kwa hiyo hakuna aliyerudi. Bila sikio la Zenobia, wote wangekuwa shuleni wanakula maharage, na bati lingegongwa mpaka likanyamaza lenyewe.

Otmari hakusema kitu, kama kawaida yake. Akafungua kamba ya Skauti begani, ncha moja akaifunga kwenye mti, nyingine akajifunga kiunoni, akawapa wenzake sehemu ya katikati waishike.

"Otmari, utakufa wewe!" wakapiga kelele.

"Shikeni," akajibu. Neno moja tu, na kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Akaingia. Maji yakamfika kifuani, yakamwangusha, akapotea, jamani, wasichana wakaanza kulia, akaibukia chini zaidi, akashika mizizi ya ng'ambo akapanda. Akaifunga kamba kwenye mti wa kule, akaikaza, akakata miti akailaza juu ya mawe, wenzake wakavuka wakiishika kamba. Baadaye akatengeneza machela kwa miti na mashati, ya kubebea mgonjwa. Bila mikono ya Otmari, wangekaa ukingoni na kumsikiliza mtu akifa.

Wakamkuta Babu Tadei jikoni kwake, ameanguka, mguu umevunjika na umevimba mpaka ngozi inang'aa. Mkononi ana kijiko, mbele yake sufuria aliyokuwa akiigonga. Walipoilaza machela karibu naye, yule mzee aliyekuwa hana nguvu hata ya kugonga akapata nguvu ya kufoka.

"Toeni hicho kitu! Sipandi!"

"Babu, mguu utaoza," wakamwambia.

"Na uoze! Marehemu mke wangu walimbeba kwenye kitu kama hicho, wakamvusha mto huohuo. Walisema atarudi. Yuko wapi Kristina wangu? Mniache nife kwangu."

Wakambembeleza, wakamwombea, wengine wakataka kumbeba kwa nguvu. Gaudensia akakataa. "Mtu habebwi kama gunia," akasema, akawatoa wote nje. Akawasha moto, akabandika uji, akakaa chini kando ya mzee. Hakumsihi wala hakumhubiria. Akakaa tu.

Baada ya kitambo kirefu mzee akauliza, "Wewe huondoki?"

"Siondoki, babu. Kristina alikuwa mtu wa namna gani?"

Mzee akamtazama. Tangu msiba ule hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Akaanza kusimulia, akacheka kidogo, akalia sana, na uji akaunywa. Mwishoni akasema, "Mimi siogopi kufa, mjukuu wangu. Naogopa kuvushwa nikasahauliwa kule."

"Nitakushika mkono huu mpaka hospitali," Gaudensia akamwambia. "Ukipona tutakurudisha kwa njia hiihii. Na baada ya hapo nitakuja kukuona."

"Lini?"

"Kila Jumamosi."

"Apa."

"Naapa, babu."

Ndipo Babu Tadei akasema, "Haya, kileteni hicho kitu." Bila subira ya Gaudensia, wangemsikia, wangemfikia, na wangemzika palepale.

Kwenye hospitali ya misheni daktari alimpokea, akatazama ule mguu, akatikisa kichwa. "Mngemleta kesho, ningemlaza bila mguu," akawaambia. "Mngemleta keshokutwa, msingekuwa mmeleta mgonjwa." Haya, kazi ikafanyika, na mzee akapona.

Sasa mambo yakageuka, maana watu walikumbuka mundu. Bwaloni, kwenye foleni ya maji, kila mahali ni ubishi.

"Bila sisi msingejua kama kuna mtu," Kwaya wakasema.

Otmari mwenyewe, na hiyo ndiyo siku niliyosikia kwamba alizungumza, akajibu, "Sikio halivuki mto."

"Na kamba haisikii!" Zenobia akamrudishia.

"Endeleeni," Gaudensia akasema. "Mlisikia, mkavuka, mkafukuzwa. Mimi ndiye niliyeapa, na kiapo changu kipo Jumamosi. Nikifungiwa darasani, nani atakwenda kumwambia mzee kwamba nilimdanganya? Utakwenda wewe?"

Wala msidhani walichukiana, hapana. Kila mmoja alitaka kwenda ng'ambo, na kila mmoja alijua akishinda yeye, wenzake wamefungiwa.

Siku ya somo ikafika. Kanisa limejaa, wazazi wamekuja na kuku zao na mikungu ya ndizi kwa matoleo. Babu Tadei, ambaye ndiye angeutoa mundu mwaka huo, akaingia kwa magongo mawili aliyoyachonga mwenyewe, akapanda ngazi ya altare polepole. Bibi Apolonia alikaa benchi la mbele, na kwa mara ya kwanza uso wake umepumzika. Sista Edeltruda akaushusha mundu, akamkabidhi mzee. Zenobia, Otmari na Gaudensia wakapiga magoti mbele yake.

Babu Tadei akawatazama mmoja mmoja.

"Wewe Gaudensia uliniapia," akasema. "Usipokuja Jumamosi, nitakuwa nimevushwa nikasahauliwa, kama nilivyoogopa. Nikupe wewe."

Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Lakini Otmari, ile kamba yako imekwisha oza, na ulalo bado haujajengwa. Juzi mmenirudisha kwangu kwa sababu mto umepungua. Masika yakija, huyu binti atavukia nini? Mimi seremala ningejenga, ila miguu yangu ndiyo hii mnayoiona. Nikupe wewe."

Akamgeukia Otmari, kisha akasita tena.

"Na wewe Zenobia. Juu ya kwangu, kule mlimani, kuna wazee wengine. Mimi nilikuwa na sufuria ya kugonga. Kuna mmoja kule hana hata nguvu ya kuinua kijiko. Nikimfungia ndani mwenye sikio, yule atasikiwa na nani? Nikupe wewe."

Mzee akamwangalia Sista. "Sista, haiwezekani..."

"Mzee wangu," Sista akasema kwa upole, "neno langu nililitoa mbele ya shule nzima. Nikilivunja leo, Jumamosi wanarudi kufagia uwanja wa Bibi Apolonia."

"Mungu wangu, asivunje!" Bibi Apolonia akaropoka, na watu wakacheka. Babu Tadei hakucheka. Alisimama pale na mundu mkononi.

Haya. Ile mikono ya mwanzo iko wapi? Mbona siioni? Na asitokee mtu hapa akaniambia wagawane. Mundu ukiukata vipande vitatu unabaki na vyuma vitatu visivyokata hata jani. Wala usiniambie wapokezane, maana Sista mmemsikia. Aliyesikia, aliyevusha, aliyekaa na kuapa, wote watatu wako magotini, na nyuma yao kuna mzee anayengoja Jumamosi, mto usio na ulalo, na mtu kule juu asiye na nguvu ya kugonga.

Wawili utawafungia. Je, wewe ungempa nani?