Kigeuzi Nyuma ya Kanga

"Sikio halisomi bei." Mmeisikia kwa fundi redio, mkacheka, kisha mkaja mbio kuuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni, na huyo anayetafuna miwa atafune polepole. Ilianzia Tanga, siku tano kabla ya harusi, na aliyeisababisha hakuwa na haja ya kutunga methali. Alitaka kumsikia mumewe tu.

Jina lake Bi Hidaya. Mumewe, marehemu Sefu, alikuwa mpiga fidla, na katika maisha yake yote aliacha kanda moja, aliyoirekodi sebuleni kwake. Kanda ilipoanza kuota ukungu, mjukuu wao Saumu akaihamishia kwenye kompyuta. Sasa Saumu anaolewa, na sharti lake lilikuwa moja: "Bibi, nitatoka ndani kwa fidla ya babu, la sivyo sitoki."

Kumbe kutoka ni kazi. Kompyuta ikiunganishwa na amplifaya ya mzee, fidla ilikuja na mlio kama karanga zinakaangwa. Fundi akawaambia, "Kompyuta huweka muziki kwa tarakimu, na ndani yake kuna kifaa cha kuzigeuza ziwe sauti. Hicho chenu ni dhaifu. Nunueni kigeuzi cha nje. Na spika zenu zimechanika, nazo zinataka matengenezo."

Bi Hidaya akaenda dukani kwa Chande, akifuatana na shemeji yake Mwinjuma, mdogo wa marehemu, mtu anayechagua kila kitu kwa uzito, hata miwani. Chande akaweka vigeuzi viwili mezani. Mwinjuma hakungoja kuviwasha.

"Shemeji, shika hiki! Kizito kama tofali, na kina taa ya buluu. Hicho kingine si kiberiti hicho?"

"Tofali nitajengea nini, Mwinjuma?"

"Kaka yangu hapigwi kwa kiberiti mbele ya wakwe!"

Neno hilo lilimchoma. Lakini tofali lilikuwa bei mara kumi ya kiberiti, na kulinunua maana yake spika zibaki na matundu yake. Akikosea huku, fidla inakwaruza. Akikosea kule, inakwaruza vilevile.

Chande akaichezesha fidla ya marehemu, waliyokuja nayo kwenye kompyuta ya Saumu, kwa kiberiti kwanza, kisha kwa tofali. Tofali likajaza duka. Mwinjuma akapiga makofi, na Chande akaanza kutafuta boksi la kufungia.

"Ngoja, mwanangu," akasema Bi Hidaya. "Hiki cha pili umekiongezea sauti."

"Sijagusa kitu, mama. Chenyewe ndivyo kinavyotoa."

"Basi kipunguze mpaka vilingane. Anayepiga kelele siyo lazima awe msema kweli."

Msisahau, bibi huyu alifanya kazi ya kuunganisha simu kwa miaka ishirini na minane. Sauti za watu zilimpitia sikioni kutoka Lindi na Kigoma, na hakuwahi kuuliza simu ya huko imegharimu kiasi gani. Chande alipokwisha kusawazisha, Bi Hidaya akajifungua kanga ya juu, akamkabidhi Mwinjuma ncha moja na yeye akashika ya pili, vigeuzi vikawa nyuma yake kama bibi harusi.

"Badilisha utakavyo, usituambie. Nawe shemeji, utanionyesha tofali lako."

Mwinjuma akafumba macho, akatikisa kichwa kama mjuzi. Kikachezwa kimoja, kikachezwa kingine. Ilipofika zamu ya tatu akaruka. "Hiki! Hiki hapa! Mnasikia huo uzito?"

Kanga ikateremshwa. Waya ulikuwa kwenye kiberiti.

Chande alijikaza asicheke, akashindwa. Mwinjuma akaomba kurudia. Wakarudia, na safari hii akachagua kiberiti kwa uhakika zaidi.

Bi Hidaya hakucheka. Alikuwa amenyanyua kidole. "Rudisha mwanzo, Chande."

Kabla ya fidla kuanza, pale palipokuwa na karanga siku zote, palikuwa na sauti ya mtu, ndogo, ya haraka: "Hidaya, funga mlango, kuku wanaingia." Kisha upinde ukagusa nyuzi.

Bi Hidaya akajifunga kanga yake. "Nifungie kiberiti," akasema. "Pesa zilizobaki zinakwenda kwenye spika."

Siku ya harusi Saumu alipotoka, sauti ya babu yake ikatangulia, na ua zima likageuka kuangalia mlangoni kama kuna kuku. Kisha fidla ikalia bila doa. Mkwe mmoja akamwinamia Mwinjuma: "Mtambo huu si mchezo. Mmenunua kwa shilingi ngapi?"

Mwinjuma akamtazama shemeji yake.

"Bwana," akajibu, "sikio halisomi bei."