Mtungi Mmoja wa Mtemi Ndalahwa

Hapo zamani, barua za kuomba kazi zilipokuwa bado hazijabuniwa ila dharau zake zimekwisha anza, palikuwa na Mtemi Ndalahwa, mtawala wa nchi ya Igombola. Alipenda pombe ya mtama kuliko alivyowapenda wake zake, na wake zake walishukuru. Ikawa mpishi wake wa pombe akafa, na mbiu ikapigwa nchi nzima: anatafutwa mpishi mpya wa ikulu, awe na uzoefu wa miaka arobaini, na umri wake usizidi thelathini.

Katika mji wa Mtemi alikuwako Lubasha, fukara wa kutupwa, aliyesomea upishi wa pombe miaka kumi na miwili kwa wataalamu wa nchi tatu, kisha akarudi kulala kwenye ghala la mama yake, Nyanzala. Kila alikobisha hodi aliambiwa, "Tumekusikia, tutakuita." Hakuna aliyeita. Yaani mbwa wa mji ule waliitwa mara nyingi kuliko yeye.

Basi akaenda barazani, akapiga magoti, akaamkia. "Mwangaluka, Mtemi wangu. Nimeijia ile kazi."

Shigela, mshauri mkuu, ndiye aliyeshika intavyuu, naye alikuwa amekwisha mweka mpwa wake tayari nyuma ya kiti. Siku hizi tunaita koneksheni. "Una uzoefu wa miaka arobaini?" akauliza.

"Sina, mzee. Mwenye uzoefu huo na umri huo alianza kupika miaka kumi kabla ya kuzaliwa. Mkimpata msimpe kazi, mfanyieni tambiko."

Mtemi akacheka puani. Lakini alikuwa bahili. "Mpishi wangu alikuwa akipika mitungi arobaini kwa siku kumi. Siwezi kukuachia mtama wote huo uuharibu. Utapika mtungi mmoja wa majaribio."

"Hapo umenena kitaalamu, Mtemi. Mtama, maji, asali, vyote nitavigawanya kwa arobaini."

"Na siku pia," akadakia Shigela. "Siku kumi kwa arobaini ni robo siku. Aanze jua likichomoza, saa sita mchana Mtemi anywe."

"Mzee wangu, mtama hugawanyika, chachu haisukumwi. Mtungi mmoja na mitungi arobaini huumuka kwa siku zile zile."

"Unambishia Mtemi? Kila kitu cha jaribio hili kigawanywe kwa arobaini. Au siyo, Mtemi?"

Mtemi, ambaye hesabu hakuipenda na kiu alikuwa nayo, akasema, "Kila kitu. Akiweza, kazi ni yake. Akishindwa, apigwe viboko arobaini, na mitungi ya mama yake ivunjwe, maana ndiye aliyetuzalia mbishi."

Mama yake Lubasha alikuwa na mitungi minane ya kupikia pombe ya kuuza, na ndiyo iliyomlisha miaka yote ya njoo kesho. Lubasha akauliza taratibu, "Kila kitu cha jaribio, Mtemi? Hakuna kinachobaki nje?"

"Hakuna. Baraza lote limesikia."

Kulipopambazuka akapewa kikapu kimoja cha unga wa mtama, kibuyu kimoja cha asali na mzigo mmoja wa kuni. Alipoomba mwiko, Shigela akamletea mwiko uliogawanywa kwa arobaini, yaani kijiti cha kuchokonolea meno. "Wabeja, mzee," akashukuru Lubasha, akaupokea kwa mikono miwili, akakoroga uji nao huku vidole vikiungua na watu wakishika mbavu. Uji ulipopoa akatia asali, na kimea na chachu alivyotoka navyo kwa mama yake.

Mama yake akasogea, akachungulia. "Mwanangu, hii si pombe. Huu ni uji wa mtoto."

"Najua, mama."

"Na mitungi yangu?"

"Nenda ukae karibu nayo."

Saa sita Mtemi akaonja. Akasubiri kulewa, asilewe. Akaonja tena. "Lubasha, huu ni uji."

"Ni uji, Mtemi."

"Mlazeni."

Akalazwa kifudifudi, na askari Gwisu, mwenye mikono kama mapaja, akainua kiboko. "Ngoja kidogo, kaka Gwisu," akasema Lubasha. "Mtemi, adhabu hii ni ya jaribio au ya jambo lingine?"

"Ya jaribio."

"Basi viboko arobaini kwa arobaini ni kimoja."

Baraza likaguna. Mtemi akakuna kidevu. "Kimoja. Ila kizito."

"Na kiboko chenyewe? Mwiko wangu uligawanywa."

Watu wote wakamtazama Shigela, Shigela akatazama paa. Ikabidi kiboko kikatwe, kikabaki kipande kama ukucha.

"Na Gwisu, Mtemi?"

"Gwisu naye?"

"Nikipigwa na Gwisu mzima, neno lako la kila kitu litakuwa limebagua."

Wazee wakabishana sana sehemu ya arobaini ya Gwisu ni ipi. Wengine wakasema sikio, wengine goti, mwisho wakakubaliana kidole cha mwisho. Basi Gwisu akachuchumaa, akakigandisha kile kipande kidoleni kwa uji, akamgusa Lubasha mgongoni. "Umeumia?" akamnong'oneza.

"Kuna kitu kimeniwasha."

"Unisamehe, ndugu yangu."

Lubasha akainuka, akajikung'uta. "Imebaki mitungi ya mama. Minane kwa arobaini haifiki hata mtungi mmoja, ni kipande tu. Na mmoja mbuzi alishauvunja mdomo mwaka jana, kwa hiyo hukumu imetimia."

Mtemi akacheka hadi akateleza kitini. "Umenishinda, mshenzi wewe."

"Sijakushinda, Mtemi. Kiboko kikigawanywa hivyo si kiboko tena. Siku kumi nazo ndivyo zilivyo."

Ndipo Mtemi alipoamuru mtungi ule ufunikwe, usiguswe. Siku ya kumi akaonja, akaonja tena, kisha akaanza kumwimbia mke wake mkubwa, jambo lililomtia mama wa watu hofu kubwa. Akampa Lubasha kazi mbele ya baraza zima, na Nyanzala akapiga kigelegele kilichosikika hadi mashambani.

Kisha Mtemi akamwita mpwa wa Shigela. "Na wewe, kijana, ulikuwa uje kunipikia. Pombe unaijua?"

"Hapana, Mtemi."

"Unga je? Asali?"

"Hapana, Mtemi."

"Sasa wewe unajua nini?"

Kijana akafikiri kwa muda mrefu, maana alikuwa mkweli, akasema, "Namjua mjomba."