Siku Kiranja Kanga Alipowapoteza Wanafunzi Wapya

Paukwa!

Pakawa!

Mbona waliokaa nyuma siwasikii? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na nyinyi wakubwa msijifanye mmekuja kuwasubiri watoto. Hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule. Ilikuwa chini ya kilima chenye mawe mekundu. Haikuwa na kuta. Ilikuwa na vivuli vitatu, kisima kimoja na mwalimu mmoja, Mwalimu Korongo, aliyefundisha amesimama kwa mguu mmoja, akichoka anabadilisha.

Shule ile ilikuwa na shida. Kila mwaka, mvua zikikatika, wanafunzi wapya walikuja. Siku ya kwanza wapo. Siku ya pili wapo nusu. Siku ya tatu hakuna hata mmoja. Shule ikabaki na wakubwa watupu, na wakubwa nao wanakaribia kumaliza.

Mwalimu Korongo akamwita Kanga. Kanga alikuwa kiranja. Madoadoa yake safi, shingo yake wima, sauti yake inafika ng'ambo ya kilima.

"Kanga," akasema Mwalimu, "kesho wanakuja wapya watatu. Digidigi, Kinyonga na Kakakuona. Wakiondoka na hawa, mimi sina wa kumfundisha. Wapokee wewe."

"Nitawapokea, Mwalimu. Hawataondoka."

Kanga alijiandaa. Alifagia. Akatunga wimbo. Akakariri sheria zote za shule, ishirini na saba, asisahau hata moja.

Asubuhi wageni wakaja. Digidigi, miguu kama vijiti. Kinyonga, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Na Kakakuona, mdogo, magamba mwili mzima, mama yake akamwacha pale njiani akarudi.

Kanga akapanua mabawa. Akapaza sauti. "Kekekeke! Karibuni! Kekekeke! Simameni mstari! Sheria ya kwanza, usipite nyuma ya kivuli cha wakubwa. Sheria ya pili, usiguse jiwe la Mwalimu. Sheria ya tatu..."

Akasema zote, macho ameyafumba, ili asikosee. Kisha akaimba wimbo wake, beti zote nne. Alipofumbua macho, hakukuwa na mtu.

Kanga akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama hata juu. Hakuna.

"Walikuwa hapa," akasema. "Mimi nilikuwa hapa, wao walikuwa hapa. Sasa wako wapi?"

Akazunguka vivuli vyote vitatu. Akakimbia hadi kisimani, akarudi. Nyuma ya kichuguu akamkuta Digidigi anatetemeka, tetete, tetete.

"Mbona umekimbia?" Kanga akamuuliza.

"Dada, ulipiga kelele," akasema Digidigi. "Kwetu kelele ni simba."

Kanga akashangaa. Simba gani tena? Yeye alisema karibu.

Akarudi pale alipoimbia. Akasikia sauti ndogo kutoka kwenye tawi, karibu kabisa na kichwa chake. "Mimi nipo. Sikuondoka." Alikuwa Kinyonga, kijani kama majani, amelishika tawi kwa miguu yote minne.

"Mbona umejificha?"

"Sikujificha. Niliogopa tu. Nikiogopa, huwa hivi."

Kanga akazidi kuchanganyikiwa. Wawili amewapata. Bado mmoja. Bado Kakakuona.

Akaita. "Kakakuona! Kakakuonaaa!" Kimya.

Uwanjani wakubwa walikuwa wanacheza. Ngiri alikuwa mbele, jasho linamtoka, vumbi juu. Mpira wao wa zamani ulikuwa umeoza kwa mvua, lakini leo walikuwa na mwingine, mviringo, mgumu, wenye magamba magamba.

Watoto, nyinyi mmeshajua. Msiseme. Kanga hakujua.

Akapita katikati ya uwanja huku anaita. Mpira ukaja, brrr, brrr, ukasimama miguuni pake. Ukamzuia njia. Kanga ana haraka, ana mtu wa kumtafuta. Akaupiga teke. Pu! Ukabingirika, brrr, hadi kwa Ngiri.

Ule mpira ukasema, "Aa."

Kanga akasimama. Mpira gani unasema aa? Akafikiri ni masikio yake. Akaendelea kuita.

Jua likapinda. Masomo yakaisha. Mama Kakakuona akaja kumchukua mwanawe.

"Shikamoo, mama," akasema Kanga, na shingo yake safari hii haikuwa wima.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, sielewi. Alikuwa hapa. Nimemtafuta tangu asubuhi. Nimemwita mpaka koo limekauka."

Mama Kakakuona hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama uwanjani. Akatembea polepole, akapita kwa Ngiri, akafika pale mpira ulipolala. Akajilaza ubavuni pake, akauzungushia mkia, akatulia. Hakuita. Alipumua tu, wakapumua pamoja, hata Ngiri akaacha kuhema. Kisha gamba moja likainuka. Kisha la pili. Pua ndogo ikatoka, imejaa vumbi.

Kanga akaja mbio, akasimama mbele yake.

"Nilikuwa nakutafuta," akasema.

"Nilikusikia," akasema Kakakuona. "Ulikuwa unaniita. Halafu ukanipiga teke."

"Mbona hukuitika?"

"Niliitika, dada."

Mama mtu akamvuta mwanawe kifuani. "Kesho haji," akasema. Wakaondoka, mama mbele, mtoto amejishika mkiani mwa mama yake.

Kanga akaenda kwa Mwalimu. "Mwalimu, nilifagia. Niliimba. Nilisema sheria zote. Nimekosea wapi?"

Mwalimu Korongo akabadilisha mguu. Akafikiri. Akabadilisha tena. "Hata mimi sijui, Kanga. Sheria hizo niliziandika mimi. Nami nilidhani zinatosha."

Asubuhi iliyofuata Kanga hakwenda shuleni kwanza. Alikwenda kwa akina Kakakuona. Njiani alijaribu kutunga maneno, yakakataa. Akafika kwenye shimo lao, akakaa mlangoni, mdomo amefunga. Kwa Kanga, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko sheria zote ishirini na saba.

Baadaye pua ikachungulia. "Umekuja kuniita?"

"Hapana. Nimekuja tu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nilikuumiza, na bado sielewi vizuri ilikuwaje. Nikaona nisikae huko na kutoelewa kwangu."

Kakakuona akatoa kichwa chote nje. Kisha akasema, "Jana ulitwambia tusipite wapi na tusiguse nini. Mimi nilikuwa na kiu. Mtu akiwa na kiu huko shuleni anapita wapi?"

Kanga akakumbuka. Kisima kilikuwa nyuma ya kivuli cha wakubwa. Sheria ya kwanza ilikikataza. Miaka yote hiyo wapya walikaa na kiu, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

"Twende nikuonyeshe," akasema.

Mama Kakakuona, aliyekuwa anasikiliza ndani, hakuwazuia. Lakini alitoka akawafuata kwa mbali.

Wakaenda. Kanga akafuata mwendo wa Kakakuona, hatua ndogo, hatua ndogo. Kufika kisimani wakamkuta Ngiri, amesimama kama aliyesahau alichokifuata. Kakakuona akajikunja pale pale, tu!

Ngiri akamtazama Kanga. "Nifanye nini?"

"Sijui," akasema Kanga. "Keti."

Ngiri akaketi. Kanga akaketi. Digidigi akaja, Kinyonga akaja, wakubwa wakaja mmoja mmoja, kila anayefika anauliza kuna nini, hajibiwi, anaketi. Mwalimu Korongo naye akaja, akaweka miguu yote miwili chini. Hakuna aliyejua wanasubiri mpaka lini.

Wakasubiri. Kakakuona akafunguka. Akawaona wote. Akamtazama Ngiri.

"Wewe nani?"

"Mimi Ngiri. Nakaa kwenye mashimo ya mchangani. Jana sikujua kuwa ni wewe. Nisamehe."

"Mimi Kakakuona," akasema yule mdogo. Akainamisha kichwa, akanywa maji.

Siku ya tatu wageni wote walikuwepo. Ya nne pia. Na tangu mwaka ule, shule ikifunguliwa, kila mkubwa huenda kwenye mlango wa mgeni mmoja, akamuuliza jina lake na anachohitaji, kisha wakaja pamoja. Sheria hufuata baadaye, nazo zimepungua.

Basi, wadogo kwa wakubwa, mafunzo yake ni haya: mgeni usimkaribishe kwa kelele zako, mwulize, kisha umsikilize. Unayemwita sana huenda yuko miguuni pako.

Hadithi yangu imeishia hapo kisimani. Aliyekaa karibu na mtu asiyemjua, amwulize jina kabla hajainuka.